Mjane na Vyombo vya Majirani

Neno la mwezi huu: 2 Wafalme 4:1-7. Walimu na walisome kwanza mbele ya washarika, polepole, ndipo wasome maneno yafuatayo.



Habari ya mjane wa siku za Elisha mwaijua. Mumewe alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mtu aliyemcha Mungu, naye alikufa akaacha deni. Mwenye kumwia akaja kuwatwaa watoto wake wawili wawe watumwa. Mama akamlilia Elisha. Nabii hakutia mkono mfukoni akampa fedha. Alimwuliza nyumbani ana nini, naye akajibu ya kuwa hana kitu ila mafuta kidogo. Akamwagiza aende kwa majirani wote akaazime vyombo vitupu, wala visiwe vichache, kisha ajifungie ndani pamoja na wanawe, amimine. Mafuta yakatoka hata chombo cha mwisho kikajaa. Vyombo vilipokwisha, mafuta yakakoma. Ndipo nabii akamwambia auze, alipe deni, na kwa yale yaliyosalia waishi yeye na wanawe.

Twaipenda habari hii kwa ajili ya ile ajabu ya mafuta. Nasi tumeihubiri mara nyingi, tukisifu uweza wa Mungu, tukarudi nyumbani tumeshiba maneno. Lakini mwaka 2019 mama mmoja wa usharika wetu hapa Bariadi alituwekea mezani daftari la shule lenye karatasi zilizochakaa, na tangu siku ile twaisoma habari ya mjane kwa namna nyingine. Mama huyu amekubali mambo yake yasomwe kwenu, ila jina lake lisitajwe. Basi sikilizeni.

Mnajua jinsi mji wetu ulivyokua. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, ukamegwa kutoka Shinyanga pamoja na sehemu ya Mwanza, ukapewa wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Bariadi ikawa makao ya mkoa. Penye ofisi mpya hujengwa nyumba mpya, na penye ujenzi huja mafundi, wachukuzi, wachuuzi na watafutao riziki wa kila namna. Wengine walikuja na barua za kazi mikononi. Wengine walikuja na watoto mgongoni tu.

Mama huyu alikuja mwaka 2017 kutoka Muleba, upande wa pili wa Ziwa. Mumewe alikufa huko. Baada ya matanga, ndugu wa mume walikaa wakashauriana, wakamwambia ya kwamba kibanja ni cha ukoo, migomba na kahawa ni ya ukoo, na yeye kama apenda aweza kurudi kwao. Kwao hapakuwa na mtu tena. Basi akawatwaa watoto wake watatu na sufuria mbili, akavuka Busisi kwa kivuko, akapanda basi la Bariadi, kwa kuwa alikuwa na binamu hapa, fundi mwashi. Alipofika akakuta binamu amekwisha kuhama, wala hapakuwa na ajuaye alikokwenda.

Msiseme ya kuwa hayo ni mambo ya Wahaya, sisi Wasukuma hatumo. Desturi za urithi ziliandikwa na Serikali mwaka 1963, mwaka ule ule makanisa yetu saba yalipoungana kuwa Kanisa moja la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Katika maandiko hayo ya desturi mjane hana fungu katika urithi kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Atunzwe na watoto wake. Wajane wawili, walioolewa kwa desturi ya Kisukuma na kutolewa katika nyumba zao na ndugu za waume zao, walipeleka shauri lao katika Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama iliona ya kuwa desturi hizo zabagua, lakini haikuzifuta. Wakakata rufani, nayo mwaka 2010 ikaanguka kwa kasoro ya maandishi. Mwisho wakalipeleka mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, nayo mwaka 2015 ikaamua ya kwamba walidhulumiwa. Miaka ikapita mingi, na watoto wakala nini siku zile? Basi mwonapo mama mgeni sokoni na karai lake la maandazi, msidhani kila mara ametoka kwao kwa kupenda mji. Wako waliotolewa na watu waimbao nyimbo zile zile tuziimbazo sisi.

Mwanzo alifua nguo za watu, akachota maji kwa malipo. Yuko bibi mmoja, mjane wa Kisukuma, ambaye hata leo hajabatizwa. Huyo ndiye aliyempa mahali pa kulala, akamwazima sufuria kubwa na baraza ya nyumba yake iliyo karibu na njia ya kwenda kwenye mizani ya pamba. Akamfundisha pia kusalimu. Asubuhi ni Mwangaluka, na alasiri ni Mwadila. Bibi alimwambia, "Mtu asiyejua kusalimu, uji wake haunyweki." Tazameni, ndugu: jirani wa kwanza aliyemletea mjane wetu chombo kitupu hakuwa mtu wa usharika.

Kwa shilingi 12,000 za kufua, mama alinunua unga wa mtama, unga wa ngano, sukari, mafuta na kuni. Akaanza kuuza uji kikombe shilingi 200 na andazi shilingi 100. Aliamka saa tisa za usiku kukanda unga. Mapambazuko yalimkuta amekwisha kuketi barazani na jiko lake, na mtoto wa mwisho amelala juu ya mfuko nyuma yake. Polepole mtaji ukafika shilingi 60,000. Akaongeza michembe na karanga kwa ajili ya wasafiri. Watoto wakaingia shule. Kila Jumapili alikuja kanisani amevaa kitenge kile kile kilichopigwa pasi, akatoa sadaka yake, akaketi viti vya nyuma.

Mwaka wa pili aliomba kuingia katika kikundi cha akina mama wanunuao hisa na kukopeshana. Kikundi kilikuwa cha mama zetu, washarika wenzake. Wakamtaka mdhamini. Alikuja kwa wazee wa usharika, nao wakasema yeye ni mtu wa kuja; leo yupo, kesho hayupo; nani atakayemfuata hata Muleba? Nasi mchungaji tulikuwapo, tukanyamaza. Hakuna neno baya lililosemwa siku ile, wala hapana sauti iliyopaa. Mlango tu ulifungwa kwa upole.

Kisha ukaja msimu wa pamba wa mwaka 2019. Mnaukumbuka. Serikali ilitangaza bei ya shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakakosa fedha, na wakulima wengi waliopeleka pamba katika vyama vya msingi walirudi na stakabadhi tu mkononi, wakangoja miezi. Mtu aliyetoka kijijini na mkokoteni, ameshinda mizanini tangu alfajiri, alikuja barazani kwa mama akisema, "Mama, nipe uji, nitalipa pamba ikilipwa." Mama alimpa, akaandika. Wa pili akaja, wa tatu akaja. Kisha wakaja na wengine ambao hawakuwa na pamba yo yote: mwalimu wa shule, karani, mwenye duka, mwinjilisti, mzee wa usharika. Nao walisema, "Andika, mama." Akaandika.

Mwezi wa Agosti mtaji ulikuwa umekwisha. Mama akakopa shilingi 50,000 kwa mkopeshaji wa mjini, arudishe 65,000 kwa siku thelathini. Watu huiita mikopo ya namna hii kausha damu, na jina hilo halina uongo. Siku thelathini zilipopita alikuwa amepata nusu tu. Mkopeshaji akachukua jiko na sufuria, hata ile sufuria ya bibi. Ndipo akatokea mwanamke aliyesema ya kuwa yuko mtu Mwanza atakaye msichana wa kazi za ndani, naye yuko tayari kulipa deni lililosalia akipewa yule binti mkubwa. Binti alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la sita.

Mama hakuja kwetu kuomba fedha. Alikuja katika baraza la wazee kuomba barua ya utambulisho, ili binti yake akifika Mwanza apokewe na usharika wa huko, asipotee katika imani. Alisema hivyo akisimama mlangoni, na mikono yake imefunikwa na khanga.

Ndugu zangu, aliyemwia mjane wa Elisha alitaka kuwatwaa watoto wawili. Huyu wetu alitaka mmoja tu, naye alikuja kwa adabu, na sisi tulikuwa karibu kumwandikia barua.

Mzee mmoja akamwuliza ilikuwaje hata biashara ikafa. Mama akajibu, "Mtaji uliisha, baba." Mzee mwingine akasema, tumsaidie kwa sanduku la maskini, tumpe shilingi 20,000. Wote wakaitikia, tukaona moyo wetu umekuwa mwema. Lakini mzee wa kwanza alikuwa mtu wa kuchungua mahesabu, akauliza tena, "Uliisha kwenda wapi?" Mama akanyamaza kitambo. Kisha akatoa daftari ndani ya khanga, akaliweka juu ya meza, akarudi mlangoni.

Deni lote lilikuwa shilingi 164,300. Katika hizo, shilingi 97,500 zilikuwa za washarika. Tulikuwa wazee tisa mezani. Majina ya wanne yalikuwamo. Mzee aliyetaja sanduku la maskini alikuwa na deni la shilingi 11,200. Tuliona alivyolisoma jina lake, akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa, akalisoma tena.

Katika karatasi ya mwisho paliandikwa neno moja juu, "Mchungaji". Chini yake hapakuwa na hesabu ya fedha, ila vijiti vidogo vya kalamu, vitano vitano. Tukavihesabu: arobaini na vitatu. Kila tulipopita kwa baiskeli kwenda kutembelea wagonjwa, mama alitukaribisha uji, nasi tulidhani ni heshima apewayo mchungaji. Tulikunywa, tukamwombea baraka, tukaenda zetu. Tukamwuliza, "Mama, mbona hukuandika bei?" Akajibu, "Baba Mchungaji, hiyo sikuiandika kama deni. Niliandika ili nijue unga umekwenda wapi."

Neno hili lilituchoma kuliko hotuba nyingi tulizosoma chuoni. Ombi letu, ninyi msomao, ni kwamba liwachome na ninyi. Tutawaeleza mambo matatu tuliyojifunza.

Jambo la kwanza: kulipa deni si sadaka. Tulitaka kumpa mama shilingi 20,000 kwa jina la huruma, hali yeye alikuwa akitudai 97,500 kwa jina la haki. Kama angalizipokea zile 20,000, angaliinama na kushukuru, nasi tungaliandika katika taarifa ya mwaka ya kuwa usharika umemsaidia mjane. Torati ya Musa yakataza ujira wa mtu aliyeajiriwa kulala kwa bwana wake hata asubuhi. Someni Walawi 19:13. Yakobo, katika sura ya 5, asema ya kwamba mshahara uliozuiliwa wapiga kelele, na kelele hizo zimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kikombe cha uji ni ujira wa mtu aliyeamka saa tisa za usiku. Hatuwezi kumfanya mtu maskini kwa mkono wa kushoto, kisha tukamhurumia kwa mkono wa kuume.

Wako wasemao, "Ni fedha ndogo, shilingi mia, mia mbili." Basi tufanye hesabu pamoja, maana wengi wetu hatujauza kitu barazani. Katika shilingi 100 za andazi, kama 70 ni za unga, sukari, mafuta na kuni, basi 30 ndizo zake. Ukila andazi moja usilipe, hukumnyima faida ya andazi moja tu. Hana budi kuuza mengine zaidi ya mawili ili arudishe alichotumia kwa lile lako, wala watoto wake hawajala bado. Mwenye duka kubwa huweza kungoja. Mwenye mtaji wa shilingi 60,000, deni la watu ishirini ni kifo cha jiko lake. Deni dogo kwako ni kubwa kwake, na Mungu hulipima kwa mizani ya yule anayedai.

Wengine husema, "Sisi nasi hatukulipwa pamba." Neno hili ni la kweli kwa wakulima, wala hatupendi kuwaongezea mzigo. Mkulima ambaye fedha zake zilizuiliwa alidhulumiwa au alipatikana na msiba, na katika daftari lile wakulima wengi walilipa mara pamba ilipolipwa, tena wengine walileta na mahindi juu yake. Lakini tusimame hapa kidogo. Mwaka ule tulisikia manung'uniko mengi juu ya wanunuzi, na sisi tulinung'unika pamoja nao. Tulisema ni vibaya mtu kupokea jasho la mwenzake na kumpa karatasi. Wakati huo huo mama wa uji alikuwa na karatasi zetu. Nasi wenye mshahara, tuliopokea kila mwezi, tulikuwa na udhuru gani? Mtu hulaani mto mkubwa kwa kumzuilia njia, naye mwenyewe ameziba kijito cha jirani yake. Na kama kweli huna, nenda ukamwambie. Usipite njia ya nyuma ili asikuone. Mjane aliyeambiwa ukweli ataweza kupanga. Mjane aliyekimbiwa atakwenda kwa mkopeshaji.

Jambo la pili: mgeni si mtu wa kuazimwa mahali katika kanisa, ni mwenye nyumba pamoja nasi. Tulisema, "Ni mtu wa kuja." Sasa fungueni Matendo ya Mitume sura ya 16. Paulo alipofika Filipi, mtu anayetajwa wa kwanza kufunguliwa moyo alikuwa mwanamke, jina lake Lidia, mfanya biashara ya nguo za zambarau. Tena hakuwa mwenyeji wa Filipi. Alitoka Thiatira, ng'ambo ya bahari. Naye ndiye aliyewashurutisha mitume waingie nyumbani mwake, na walipotoka gerezani ni kwake walikokwenda kuwaona ndugu. Basi usharika wa Filipi ulianza katika nyumba ya mama wa kuja, aliyekula kwa biashara yake. Wazee wa Filipi wangalimtaka mdhamini, Paulo angalilala wapi?

Na kwetu pande za Ziwa, Injili ilikuja namna gani? Wamisionari wa Betheli walipofika Bukoba mwaka 1910, walikuta Wahaya wachache waliokwisha kulipata Neno Uganda, wakirudi nalo kwao na kukusanyika. Neno lilitembea kwa miguu ya watu waliohama, kabla halijatembea kwa meli ya wazungu. Nanyi Wasukuma, ndugu zenu wangapi leo wako Geita, Katavi, Rukwa na Morogoro na ng'ombe wao, nao huko huitwa watu wa kuja? Je, mwapenda waulizwe mdhamini? Mungu aliwakumbusha Israeli mara nyingi ya kuwa wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Asahauye ugeni wa baba zake humfungia mlango mjumbe wa Mungu.

Jambo la tatu: majirani walitoa vyombo. Elisha hakuwaambia majirani wampe mjane mafuta. Mafuta yalikuwa yake, na Mungu ndiye aliyeyazidisha. Waliombwa vyombo vitupu tu. Na hapo ndipo penye hofu: mafuta hayakukoma kwa kuwa Mungu alichoka, yalikoma kwa kuwa vyombo vilikwisha. Kama majirani wangaliazima viwili, vingalijaa viwili. Kama wangaliazima hamsini, vingalijaa hamsini. Mama huyu alikuwa na mafuta yake: nguvu, ujuzi, uaminifu, na akili ya kuandika hata unga uliokwenda kwa mchungaji. Alichokosa ni vyombo.

Vyombo ni vipi siku hizi? Sufuria ni chombo. Baraza yenye kivuli ni chombo. Kumdhamini mtu katika kikundi cha hisa ni chombo, nacho hakikugharimu ila jina lako. Kumwandikia barua mama asiyejua njia za ofisi ni chombo. Mwajua ya kuwa halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikaanza tena mwaka 2024. Lakini katika fungu la wanawake haitolewi kwa mtu aliye peke yake na asiyejulikana. Yataka kikundi, yataka majina. Mama mgeni ambaye hakuna kikundi kimpokeacho hana njia ya kuifikia, na njia iliyosalia kwake ni kausha damu. Basi tukimkatalia jina letu, twampeleka sisi wenyewe kwa yule mwenye kuwatwaa watoto.

Sasa twawaambia yaliyotokea. Jioni ile ile tulilipa vikombe vyetu arobaini na vitatu, shilingi 8,600. Mama alikataa kuzipokea, akasema ni haramu kwake kumtoza mchungaji. Tukamwambia, "Mama, ukikataa, hatutaweza kusimama Jumapili." Akapokea akilia, nasi tuliona haya. Wazee wanne wakalipa juma lile. Jumapili tulitangaza kanisani, bila kutaja jina la mtu, ya kwamba kabla ya kukaribia Chakula cha Bwana kila mmoja akamlipe aliyemlisha chakula cha mwili. Mpaka Jumapili ya tatu washarika walikuwa wamelipa shilingi 81,000. Jiko na sufuria vikakombolewa, na mzee mwenye miwani ndiye aliyeichukua kwa mkono wake ile sufuria ya bibi kumrudishia, akamwamkia na kumshukuru. Barua ya Mwanza haikuandikwa. Mama akapokewa katika kikundi; mdhamini wake alikuwa mke wa mzee yule yule. Binti alirudi darasani, naye alimaliza kidato cha nne mwaka 2024.

Hatusemi ya kuwa yote yalinyooka. Mama angali barazani, angali aamka saa tisa, na mgongo humwuma. Kibanja cha Muleba hakurudishiwa. Na washarika wawili hawakulipa hata leo. Tulimwuliza habari zao, akasema, "Hao nimewaachia mbele za Mungu. Ila uji siwapi tena, mpaka waje na fedha mkononi." Walimu wapenzi, msamaha huu ni mzuri, ufundisheni. Kusamehe deni la jana hakumlazimu mjane kuwapa chakula cha watoto wake wale wale kesho.

Basi tutawaomba neno moja tu. Juma hili, kabla hamjasoma gazeti hili mara ya pili, kila msomaji na ajiulize: jina langu liko katika daftari la nani? La mama wa uji, la fundi wa viatu, la mchota maji, la kijana wa bodaboda? Wachungaji na walimu na waanze, maana sisi hukaribishwa mengi, nasi hupenda kuyaita baraka. Na wenye daftari, msione haya kuandika. Mtu aandikaye hamwibii mtu. Hata uji wa mchungaji uandikeni, mpate kujua unga umekwenda wapi.

Tuombe. Bwana Mungu, Baba wa yatima na mtetezi wa wajane, wewe wayajua madaftari yote, na yale tuliyoyaficha. Utuhurumie sisi tuliokula jasho la mwenzetu tukaliita ukarimu. Utupe moyo wa kulipa kabla ya kutoa, na kufungua mlango kabla ya kuulizwa. Walinde mama walio njiani usiku huu na watoto wao, wawakute majirani wenye vyombo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, ambaye alituchukulia deni tusiloweza kulilipa. Amin.